Alama Haipandi na Mti

Kijijini kwetu, upande wa Karatu unaopanda kuelekea msitu wa Ngorongoro, mti wa mpaka uliheshimiwa kuliko mwenyekiti. Mwenyekiti hupigiwa kura, akaja mwingine. Mti wa mpaka hukati hata tawi lake, ingawa ukungu wa msituni umeloanisha kuni zote za nyumbani na watoto wanalia njaa. Tulifundishwa mapema kwamba anayehamisha mpaka hupotea, yeye na kizazi chake. Hakuna aliyetueleza hupotelea wapi. Mimi kwa utoto wangu niliamini wanatumbukia kreta, na kwamba chini kule kuna kijiji kizima cha watu waliosogeza mawe.

Mipaka mingi ilivurugika wakati wa Operesheni Vijiji. Tulitolewa mashambani tukapangwa kando ya barabara, na kule tulikotoka likalimwa shamba la ujamaa kwa trekta. Dereva wa trekta hakuwa na habari na mawe ya mababu wa mtu. Aliyasukuma pembeni akaendelea na mstari wake. Miaka ilipopita na shamba la ujamaa likalala, watu walianza kurudi kimya kimya, kila mmoja kwenye kile alichokumbuka kuwa chake. Mawe hayakuwapo tena. Ilibaki miti, maana trekta huuzunguka mti.

Baba alikuwa ameshafariki. Mama alirudi peke yake na jembe, mimi nikiwa chuo cha ualimu, akalima sehemu mbili. Ya juu ilikuwa mlimani, udongo mwekundu unaotoa mahindi mwaka ambao mvua imeamua kuwa na adabu. Ya chini ilikuwa kipande kinachoshuka hadi kijitoni, chenye unyevu hata kiangazi, na hicho kilitupa maharage wakati nyumba nyingine zinakunywa uji mtupu. Shamba la juu lilikuwa bahati nasibu. Kipande cha chini ndicho kilichokuwa chakula. Bila kipande kile mjane angeishi kwa kuomba, na mama hakuwa na kipaji cha kuomba.

Kipande chenyewe kilikuwa katikati ya miti miwili mikubwa ya mringaringa. Mmoja ulikuwa karibu na kwetu, mwingine mbele zaidi, kuelekea kwa jirani. Mama alilima hadi ule wa mbali, akijua moyoni mwake kwamba ndio mpaka.

Jirani alichelewa kurudi. Alikuwa mzee mkavu, mwenye mbwa wakali na salamu fupi, na sikumpenda. Nalisema hilo mapema ili mtu asije akadhani nilimpendelea. Siku aliporudi alisimama kwenye mringaringa wa karibu, akaweka mkono juu ya shina, akamwambia mama, "Shemeji, mpaka ni huu. Tuliuweka mimi na marehemu."

Kuna mambo ambayo wote wawili walikubaliana. Siku mpaka ulipowekwa, baba na jirani walichagua mringaringa, wakaukata kwa shoka alama usawa wa kifua cha baba. Mama alikuwa bibi harusi wa juzi. Aliwapelekea chakula, akaona kwa mbali, akarudi zake jikoni. Tatizo ni kwamba sasa miringaringa yote miwili ilikuwa na kovu. Wa karibu ulikuwa nalo kifuani. Wa mbali ulikuwa nalo juu sana, mahali ambapo hata mtu mrefu akinyoosha mkono hafiki.

Watu hawakuhitaji muda kuamua. Kila mtu anajua mti hukua. Alama iliyokatwa kifuani enzi zile lazima imepanda pamoja na mti, kwa hiyo kovu la juu ndilo la zamani. Lile la kifuani limekatwa juzi. Na kama limekatwa juzi, basi aliyelikata anajulikana, na mbwa wake wanajulikana pia.

Habari ilitembea. Wanawake wakaacha kupita njia ya kwake. Mtu aliyemkopesha dume la kulimia akalirudisha nyumbani bila maelezo. Wazee walianza kusema kwamba kama itathibitika amekata mpaka mpya, hawatamtoza ng'ombe wala mbuzi. Watamlaani, na hakuna atakayempa moto wala kumzika. Laana ya namna hiyo ilikuwa haitajwi ovyo. Ilipotajwa, hata wale waliokuwa wakimcheka walinyamaza.

Mimi wakati huo nilikuwa nimehitimu na kurudi kufundisha sayansi madarasa ya juu ya shule yetu ya msingi. Niliishi nyumba ya walimu, ng'ambo ya bonde. Nilijua mama ana ugomvi na jirani juu ya kipande cha maharage. Sikujua kwamba ugomvi wote unaning'inia kwenye kovu la mti, maana mama hakuwa na tabia ya kunijaza maneno, na mimi sikuwa na tabia ya kuuliza.

Katika yote niliyosomea, lililonishangaza zaidi ni jinsi mimea inavyokua. Chuoni mkufunzi alituchotea maharage yaliyochipua, mizizi yake ikiwa na urefu wa kidole. Tuliichora mistari ya wino iliyolingana, kuanzia juu hadi nchani, tukailaza kwenye pamba mbichi. Tuliporudi kuitazama, mistari ya juu ilikuwa vile vile tulivyoiacha. Iliyoachana ni ile ya karibu na ncha peke yake. Nakumbuka nilikasirika kidogo, nikadhani nimekosea kuchora. Nilikuwa nimeamini maisha yangu yote kwamba mmea hukua kama mtoto anavyokua, mwili mzima kwa pamoja.

Sivyo. Mmea una sehemu chache tu zinazokua, na zilizobaki zimeshamaliza. Nyuma kidogo ya ncha ya mzizi, na ndani ya chipukizi la juu, kuna tishu changa ambazo kazi yake ni moja. Seli hugawanyika ikawa mbili, na hizo mbili zikagawanyika tena. Zile zinazoachwa nyuma hurefuka kidogo, hukomaa, kisha hutulia mahali pale maisha yao yote. Ni kama ukuta wa tofali: ukiongeza safu juu, safu ya chini haipandi. Halafu kuna tishu nyingine, ya unene. Hiyo iko kati ya ganda na mti wenyewe, nyembamba kiasi kwamba ukibandua ganda bichi unaihisi kidoleni kama utelezi tu. Kila mwaka hujenga mti mpya upande wa ndani na ganda jipya upande wa nje. Inaitwa kambiamu. Wanafunzi wangu waliiita kambi, nikawaacha, kwa sababu mti hupiga kambi pale pale usiende kokote.

Niliyafundisha hayo muhula baada ya muhula. Sikufikiria hata mara moja miringaringa ya kijitoni. Mambo ya darasani na mambo ya nyumbani yalikaa vyumba tofauti kichwani mwangu, na mlango ulikuwa umefungwa.

Baraza lilikaa kando ya kijito, kati ya miti ile miwili, ili kila mtu aone kinachozungumzwa. Wazee walikaa juu ya mawe, wanawake kwenye nyasi kwa pembeni, nami nikajibanza nyuma yao kwa kuwa nilikuja kumsindikiza mama. Mwenyekiti alieleza shauri. Jirani alisema maneno yale yale, "Tuliuweka mimi na marehemu," akakaa. Alikuwa mtu asiyejua kujitetea, na hilo halikumsaidia.

Mama alijua. Alisimama, akajifunga kanga vizuri, akaanza.

"Nilipoolewa hapa, mti ule pale," akaonyesha wa mbali, "ulikuwa na tawi la chini. Nilifungia mbuzi. Leo tawi la chini liko wapi? Liko juu, silifikii hata nikipanda kwenye kinu. Mti umepanda na matawi yake, umepanda na alama yake. Huu mwingine alama yake iko kifuani mpaka leo. Mti gani huo usiokua?"

Watu wakacheka kwa kukubali. Mama aliwaacha wamalize, kisha akageuka kunitafuta. "Na mwanangu yuko hapa. Amesomea mimea serikalini. Mwulizeni yeye kama mti haukui."

Nilimwona uso wake. Alikuwa na fahari ambayo sikuwahi kuiona hata siku nilipopata cheti. Na hapo ndipo ule mlango ulipofunguka, nikaelewa kwa mara moja shauri lote lilivyo na jibu lake lilivyo. Nilitamani kwa dhati ningesomea hesabu.

"Mwalimu," mwenyekiti akasema, "tusaidie. Mti ukikua, alama inapanda au haipandi?"

"Haipandi," nikasema.

Nilitumia sauti ya darasani kwa kuwa ndiyo pekee iliyotoka. Mama alitikisa kichwa, akawaambia wazee kwa upole, "Hajaelewa swali. Mwulizeni tena."

Mwenyekiti akauliza tena, polepole, kama mtu anayemsaidia mtoto. Nikajibu tena vile vile, na safari hii nikaeleza. Mti hurefuka nchani. Shina la chini hunenepa tu. Alama ikikatwa kifuani itabaki kifuani hadi mti uanguke.

Mzee mmoja aliyekaa karibu na mwenyekiti hakuridhika. Aliteremsha blanketi lake begani, akatuonyesha kovu la chanjo ya ndui. "Binti yangu, nisikilize. Hii nilichanjwa nikiwa na kimo cha mbuzi. Kovu lilikuwa hapa," akaweka kiganja usawa wa goti lake. "Leo liko hapa. Nani amelipandisha? Si mimi nimekua?"

Lilikuwa swali zuri kuliko yote niliyowahi kuulizwa na mwanafunzi. Nikamwambia, "Shikamoo babu. Wewe umekua mwili mzima, miguu imerefuka chini ya kovu. Mti hauna miguu inayorefuka. Unaongezwa juu tu."

"Na tawi langu la mbuzi?" mama akauliza. Sasa hakuwa anawaambia wazee. Alikuwa ananiuliza mimi.

"Mama, lile lilikauka likaanguka. Hili unaloliona sasa ni jingine, liliota juu tangu mwanzo."

Alifungua kanga yake, akaifunga upya.

Alikuwapo pia Mmaasai mmoja wa Ngorongoro, mtu mzima, aliyekuja kuangalia ng'ombe wake waliokuwa wakichungwa kwa mwenyekiti. Shauri halikumhusu, lakini lilimkolea. Akanyoosha fimbo. "Mwalimu, mimi kazi yangu ni ng'ombe. Wewe nasema inakua kwa ncha. Sasa ng'ombe nakula majani, nakata hiyo ncha kila siku. Mbona majani naota tena?"

Watu wakamtazama kwa heshima mpya. Nikaeleza kwamba majani ni tofauti. Tishu zao za kukua zimejificha chini, karibu na udongo, na kwenye vifundo vya shina, kwa hiyo jani likiliwa juu linasukumwa jipya kutoka chini. Akafikiri kidogo akasema, "Hiyo kweli. Ndiyo maana mbuzi ni mbaya, nang'oa mpaka chini." Akaridhika, akaegemea fimbo yake.

Wengine hawakuridhika. Nilisikia wakinong'ona kwamba kumbe mimea mingine hukua chini na mingine juu, basi nani ajuaye. Ningeweza kuishia hapo. Majani yangechanganyika na miti, baraza lingevunjika watu wakisema elimu ina mambo mengi, na mama angeendelea kulima. Nililifikiria hilo vizuri tu, sitajifanya malaika. Lakini jirani alikuwa amekaa mbele yangu, ameshika fimbo yake kwa mikono miwili, na mawe ya pande zake zote mbili hayakukaliwa na mtu.

Nikaenda kwenye mringaringa wa karibu, nikawaomba waje watazame kovu. Ganda lilikuwa limejikunja kutoka pande zote mbili, nene na la mviringo, likabakiza mwanya mwembamba katikati. Nikawaambia hiyo ndiyo kazi ya tishu ya unene. Hujaribu kufunga kidonda, kidogo kidogo, mwaka kwa mwaka. Kovu la juzi lisingekuwa na midomo namna hii. Mzee wa chanjo akaingiza kidole kwenye mwanya, akakitoa, akamtazama jirani kwa mara ya kwanza tangu asubuhi.

"Hayo ya kidonda nayaelewa," akasema. "Ya kutopanda bado. Tuonyeshe."

Nikakumbuka seng'enge. Juu ya kijiji kulikuwa na shamba la zamani la mzungu, na uzio wake wa upande wa msitu ulikuwa haujang'olewa wote. Waliojenga walitumia nguzo za mti mkavu usiooza, na mahali walipokuta mikaratusi michanga imejipanga vizuri, waligongomelea waya moja kwa moja kwenye mti ulio hai ili wasichimbe shimo. Nguzo haikui. Mkaratusi unakua kuliko kitu chochote nikijuacho. Kama alama hupanda, waya ungepanda nao.

Tukaenda wote, hata Mmaasai. Njia ilikuwa ya kupanda. Mama alitangulia. Kwa upande wa msitu ukungu ulikuwa umeshuka hadi kwenye miti ya mwisho, na nyasi zililoanisha miguu yetu.

Mikaratusi ilikuwa mikubwa, miti mizima ya kukumbatiwa na watu wawili. Waya ulitoka kwenye nguzo, ukaenda sawasawa, ukaingia ndani ya shina, ukatokea upande wa pili. Mti ulikuwa umeumeza, ganda likafunga juu yake, hata misumari haikuonekana. Lakini ulikuwa umeumeza pale pale. Wazee walitazama nguzo, wakatazama mti. Hata mtoto angeona kwamba waya haujapinda kwenda juu.

Mama hakubaki na wazee. Alisimama kwenye nguzo, akapima waya kwa kifua chake. Akaenda kwenye mti, akapima. Akaenda nguzo inayofuata, akapima, na mti unaofuata, akapima. Akaendelea. Alikuwa ameshatupita mbali, anaufuata uzio kuelekea msituni, mti baada ya mti, na kila mti alisimama akaweka mkono kifuani kisha kwenye waya. Niliona anatafuta mmoja. Mmoja tu uliopanda ungemtosha. Nilitaka kumfuata, mwenyekiti akanizuia kwa macho.

"Mwache," akasema.

Uchungu nilioupata pale sikuwahi kuupata msibani kwa baba. Nilikuwa nimesema kweli, nami nilitamani mahali fulani ndani ya ukungu ule kuwe na mti mmoja wa kunisuta.

Aliporudi, pindo la kanga lilikuwa limeloa na ana kamba za magugu miguuni. Hakunitazama. Alimwendea jirani, na jirani akainuka.

"Yote iko sawa," mama akasema. "Shemeji, mpaka ni ule wako. Nimekusingizia mbele za watu."

"Hukusema jina langu," mzee akajibu.

"Nilisema mti. Ni hivyo hivyo."

Mzee wa chanjo ndiye aliyekumbuka, tukiwa tunashuka, kwamba zamani mringaringa wa mbali ulikuwa na mzinga wa nyuki, na mrina asali hukata kidato cha kukanyagia anapofikia mzinga, nalo kovu la juu ndilo hilo. Alilikumbuka kwa urahisi kana kwamba lilikuwapo kichwani siku zote likisubiri kuulizwa. Nilimkasirikia kuliko nilivyowahi kumkasirikia mtu yeyote wa kijijini kwetu, kisha nikaona hakuna faida.

Jirani alimwacha mama avune maharage yaliyokuwa yamesimama. Wengine walisema ni wema, wengine wakasema ndivyo desturi ilivyo. Nilikwenda kumsaidia shule ilipofunga. Tuling'oa tangu asubuhi, yeye mstari wake, mimi wangu, tukilaza mafungu kwenye turubai. Kijito kilikuwa na maji kidogo. Mama hakuwa amenuna. Alinipa chai, aliniuliza habari za wanafunzi, alinicheka jinsi ninavyoinama kama mtu wa ofisini. Juu ya baraza hakuwa amesema neno, na mimi niliogopa kuanza.

Mwishowe nikaanza. "Mama, ungeniuliza kwanza nyumbani. Kabla ya watu."

Aling'oa shina, akakung'uta udongo kwenye mizizi, akaliweka kwenye fungu.

"Nikuulize nini? Nilijua utasema kweli. Ndiyo maana nilikuita."

Akang'oa jingine.

"Ila nilidhani kweli yenyewe ni yangu."